Swali la Tatu, Alama Ishirini

Saa kumi na moja jioni naizima mashine ya ushuru,
naipangusa vumbi la Mgandini kwa kiwiko,
napanda baiskeli, mnyororo unalia kama una deni,
nakata Barabara ya Kumi na Mbili, navuka reli,
na nikifika darasani jasho limeshachora mgongoni
ramani ya kata zote ninazozidai.

Stashahada ya kodi, mwaka wa pili, kundi la jioni.
Feni moja inazunguka, nyingine inasubiri zabuni.
Dokta Mbelwa anaandika ubaoni:
kodi njema ni ya haki, ni ya hakika,
ni nyepesi kulipa, haili zaidi ya inacholeta.
Tunanakili. Kalamu thelathini na moja
kama rasharasha juu ya bati.

Kiti cha karibu na mlango
anaketi Mwantumu Shekiondo, wa utawala wa umma,
aliyeomba ruhusa kusikiliza somo letu.
Namjua. Asubuhi ni wangu:
matenga manne ya machungwa ya Muheza,
mia tano kila tenga, risiti, haya mama, anayefuata.
Jioni hanijui.
Au ananijua na kunisitiri,
kama mtu anavyomsitiri mkwewe
aliyemkuta akijikuna.

Wiki ya nane akanyosha mkono.
"Dokta, sheria ndogo ya soko, kifungu cha sita:
mzigo usiofika nusu tani haudaiwi.
Nimeisoma. Iko masjala, kabati la kushoto,
chini ya kalenda za miaka iliyopita.
Imenichukua siku tatu kuipata:
ya kwanza karani alikuwa msibani,
ya pili ufunguo ulikuwa msibani.
Swali langu ni hili:
mtu aliyedaiwa asichodaiwa, amelipa nini?"

Darasa liliucheka ufunguo.
Mimi nilikuwa nazidisha pembeni mwa daftari:
matenga manne, mia tano, siku ishirini na sita,
miezi kumi na tisa.
Laki tisa, themanini na nane elfu.
Ada ya muhula mzima, na nauli ikabaki.

Dokta alivua miwani, akaifuta kwa tai,
akasema hilo halitoki kwenye mtihani.

Lilitoka.
Swali la tatu, alama ishirini:
Jadili haki katika utozaji, kwa mifano halisi.
Nikaanza na zile kanuni nne, kwa mpangilio,
kama mtoto anayehesabu vidole vya mgeni.
Kisha kalamu ikagoma kwenye neno *halisi*.
Ofisini kwetu lengo la mwezi limebandikwa ukutani
kwa wino mwekundu, na jina langu chini yake;
hakuna aliyewahi kubandika kifungu cha sita.
Nikaandika hivyo hivyo.
Nikaandika na namba ya mashine yangu.
Msimamizi akapita, akasoma begani kwangu,
akaendelea na safari yake kwenda dirishani.

Kesho yake nilifika kwenye matenga yake.
Elfu mbili zilikuwa tayari, zimekunjwa mara nne.
"Weka," nikasema. "Mzigo wako haufiki."
Hakuziweka.
"Mashine imeharibika?"
"Nzima."
"Basi niandikie. Kisichoandikwa hakijatendeka,
tumefundishwa muhula wa kwanza, wiki ya pili."

Nikabonyeza sifuri. Mashine ikakataa.
Nikabonyeza tena; ikalia mlio wa mbu, ikakataa.
Walioitengeneza hawakuwaza
kwamba ipo siku mtu atafika sokoni
na kumwandikia mwenzake kwamba hadaiwi.

Nikachana karatasi ya katikati ya daftari la kodi.
Tarehe. Jina lake kamili. Machungwa, matenga manne.
*Hakuna kinachodaiwa.*
Saini yangu, ile ndefu ya benki.

Akaisoma mara mbili, wateja wakingoja,
chungwa moja likibingirika taratibu kuelekea mtaroni.
Akanirudishia.
"Semboja," akasema, jina langu,
mara ya kwanza mchana,
"umesahau mhuri."