Moshi wa Kayenze

Kwenye ukumbi wa ushirika, Kirumba,
juu ya kabati la mafaili ya pamba,
kuna picha ya rangi, upana wake pima kasorobo,
na kwenye kona ya chini: M. Lugwisha. Mwaka hakuandika.

Mwalimu Tungaraza huwaleta wanafunzi wake Ijumaa.
Anaigusa kwa kidole, kioo kinabaki na alama.
"Tazameni wekundu huu. Jua linazama.
Jiwe tupu ni upweke. Njia haina mtu:
walioondoka hawajarudi.
Hii ni picha ya msiba."
Nao wanaandika *msiba*,
kalamu zikikimbizana.

Mimi nimeshika ufagio. Sikuulizwa.
Lakini nimezaliwa Kayenze, nyuma ya minyaa kama ile,
na moshi ule unaotoka jikoni
umelalia ziwani.

Ziwani, mwalimu!
Mchana kutwa, hadi jua litue,
upepo wa kwetu hutoka majini ukapanda nchi kavu,
ukarudisha moshi ndani, bibi akakohoa na kulaani.
Ni alfajiri tu ndipo nchi huyapulizia maji.
Basi hilo si jua la kuzama.
Jiwe ni tupu kwa sababu michembe haijaanikwa,
ingali kwenye ungo, inangoja umande ukauke.
Njia haina mtu kwa sababu mtu bado yumo ndani,
anapuliza uji wa moto,
na aliyeupika ameamka kabla ya majogoo.

Hapo ujuzi wangu unakoma.
Anakwenda wapi, huyo wa ndani?
Mnadani? Shule ya bweni? Machimboni Geita?
Na mbona M. Lugwisha aliupaka mlango mara tatu,
rangi juu ya rangi, hadi ukavimba kama kovu,
ilhali ng'ombe zizini
kawapa mstari mmoja mmoja, basi?
Mtu harudii mlango mara tatu
kama anajua atakayetoka atarudi.

Huenda msiba upo.
Huenda mwalimu kakosea saa tu.

Wakishaondoka nachovya kitambaa kwenye ndoo,
nafuta alama ya kidole chake angani,
kisha na yangu, ambayo sikumbuki niliiweka lini,
pale mlangoni.