Dakika Tano

Umeme ulikatika tangu magharibi.
Nilikunyonyesha kwa kupapasa, mwanangu,
kinywa chako kikijua njia kuliko mkono wangu.
Baba yako alikuwa roshani, simu imemwangazia kidevu,
dada yake akimuuliza kwa mara ya tisa:
ngariba apande treni ya saa mbili, au asipande?

Hakuwa na jibu. Nami sikuwa nalo,
mimi niliyeshika trei wodini miaka kumi na mmoja.
Mkasi, shashi, ganzi, iodini.
Nimewaambia mama za watu, kaa nje, mama, ni dakika tano,
kisha nikanawa mikono, nikala mahamri yangu yangali moto.
Dakika tano.
Nani alinifunza kuzipima?

Baba yako alisema: "Amezaliwa mzima.
Nimemhesabu vidole, nimemhesabu kucha, hakuna kilichozidi.
Akifika miaka kumi na minane kisu kitakuwapo,
na ulimi wa kusema nataka, sitaki, utakuwapo."
Alisema hivyo yeye, mjukuu wa Yoashi wa Mbale
aliyetahiriwa shambani zama za marufuku,
kisu kimefichwa ndani ya gunia la kahawa,
mamake amemziba kinywa kwa kitambaa
askari wa barabarani wasimsikie.
Nikamkumbusha hayo.
"Hicho kitambaa," akasema,
"ndicho kinachoninyima usingizi."

Bi Mwanahalima wa ghorofa ya pili
alikuwa ameleta uji wa pilipili manga,
akakufunua nepi bila ya kuomba ruhusa:
"Ehe! Na huyu mwamngojea nini?
Wangu watano wote walitiwa. Kitindamimba alilia, ndiyo,
alilia kwa kuwa paja la kuku alipewa nduguye."
Nilicheka hadi mshono ukaniuma.
Mji mzima huu hakuna aulizaye.
Wadigo, Wabohora, Wakamba, Wabajuni,
kila watu na kisu chao na biriani yao,
na nyumba moja tu ya Mayahudi hapa Ganjoni
ndiyo iliyokesha.

Nikimwambia ni agano, sauti yangu mwenyewe yanikwaruza.
Agano nililikuta, kama nilivyokuta kabati la mama.
Je, nikuandike mwilini
barua ambayo mimi sijamaliza kuisoma?
Lakini nikisema basi, tuache,
naona wanaume wamejipanga kwenye ngazi zetu
kushuka hadi duka la vipuri chini,
kila mmoja kamshika mwenzake mkono,
na wa mwisho, aliye mlangoni petu,
mkono wake mmoja mtupu, hajui auweke wapi.

Kukacha. Kunguru wa Ganjoni hawana adabu,
walianza kabla ya adhana kwisha.
Hatukumjibu shangazi yako, naye hakungoja jibu.

Nilitarajia mzee wa ndevu. Alasiri akaja kijana,
raba nyeupe, begi la shule mgongoni,
jasho la Miritini limemchora fulana.
Akanawa kwa maji ya mkokoteni, nusu dumu,
hadi viwikoni, kama daktari, kama mtu aendaye kusali.
Niliitazama mikono yake kwa jicho la kazi.
Haikutetemeka. Nilitaka itetemeke kidogo.

Kisu hakukitoa. Alikaa mkekani,
akanitazama mimi, akamtazama baba yako
aliyesimama mlangoni kama bawabu
asiyejua amzuia nani, wa ndani au wa nje.
Akauliza, "Jina lake nani?"

Tukatazamana.
Siku saba tumegombea kingozi kisichofika ukucha,
na hakuna aliyekumbuka kukuita.

"Bila jina," akasema, begi bado limefungwa zipu,
"siwezi kuanza. Na nyinyi hamwezi kukataa.
Mtakuwa mwamkatalia nani?"

Ukapiga chafya.
Baba yako akavuta kiti,
kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu,
akakileta upande wangu.