Kwa Mwanakheri, Anayebuni Lugha

Usianze na alfabeti, Mwanakheri.
Kila mtu huanza na alfabeti,
huchora vijiti na vitanzi vya kupendeza,
na mwezi wa pili hana hata neno la chumvi.

Anza na hiki kisicho na jalada,
kitabu cha sauti. Ukurasa wa tisa
kinywa kimepasuliwa kati kama chungwa la Muheza:
ulimi, kaakaa, ufizi, kila kimoja na namba yake.
Mwenyewe wa kwanza ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi:
*ng'ombe. Jaribu bila ng'.*
Nilijaribu hapa hapa, Barabara ya Kumi na Mbili,
muuza mihogo akauliza kama nimepaliwa.

Hiki kingine ni sarufi ya watu
nisiowajua, wala mwandishi hasemi kama bado wapo.
Mchwa wamekula sura ya wakati ujao.
Ndiyo maana bei ni ndogo,
ndiyo maana nakwambia kichukue,
uone lugha inavyosimama kwa mguu mmoja.

Kamusi sikupi. Unayo,
na ndiyo inayokupotosha:
ukikuta meza, nawe unatunga meza.
Afadhali ukakae kinuni Makorora, foleni ya unga,
usikie neno linavyokatwa katikati
na aliyeambiwa keshaelewa, keshacheka.

Juzi ulinionyesha daftari lako
lililoshonwa kwa uzi wa katani.
Ngeli ishirini na tatu!
Ngeli ya vitu vilivyolowa. Ngeli ya vitu vya kuazima
(nikacheka, maana duka langu lote limo humo).
Nyakati kumi na moja, na mmoja wake
ni wa mambo yaliyotokea ukiwa umelala.
Nikatafuta *pole*. Hakuna.
Nikatafuta *hodi*.
Nyumba ya vyumba vyote hivyo, mwanangu,
na haina mlango wa kubishia.

Nikanyamaza. Ukaenda zako.

Leo mvua imenikuta sijafunika.
Nimepiga magoti natenganisha kurasa,
wewe unapita mbio, zamu yako Bombo inakungoja,
ukasimama. Ukatamka kitu,
silabi mbili, ya kwanza ndefu.
Nikauliza maana yake.
"Sijaiandika bado," ukasema,
ukashika ncha ya pili ya turubai.

Cha sauti utalipa mwisho wa mwezi.
Kile cha mchwa, chukua.