Siku ya Sita

Oulu, Januari. Theluji imefika usawa wa kitasa.
Helka anafuta mstari mmoja wa msimbo
akidhani ni takataka ya mwaka juzi.
Mashine haibishani na mwenye ruhusa:
ufunguo umeingizwa kwenye foleni ya kufa, siku saba.

Hakuna mlango uliolia.
Picha za mapafu za hospitali nzima
zinaendelea kulala ndani ya fumbo lao,
zikihesabiwa siku.

Ya sita, akitafuta jambo jingine kabisa,
anakutana na neno: utafutwa.
Kahawa inapoa.
Anautoa foleni, anaurudisha mstari ule ule,
herufi kwa herufi,
na juu yake anaacha dokezo
kwa yeyote atakayekuja na ufagio:

Usiniguse. Nimeshika pumzi za watu.