Kiraka

Marehemu Famau aliuunga ukurasa huu
mwaka wa sabini na nne
kwa gundi ya kopo iliyoapiwa haitageuka rangi.
Leo ni rangi ya chai ya maziwa iliyolala,
na kila ilipopita, wino wa dua umepasuka.

Simlaumu. Nami nina kopo langu:
unga mweupe wa selulosi, uji usio na harufu,
pamba iliyosahau kuwa ilikuwa pamba.

Unyevu wa Lamu haupigi hodi.
Dirishani, hapa Mkomani, nimetundika
vipande kumi na viwili vya karatasi niliyoipaka,
jua la alasiri liile, chumvi iile, nione.
Cha tatu kimeanza umanjano.
Au ni macho yangu.

Mwanajabu, mwenye kitabu, huja kila Alhamisi.
"Kitadumu?"
Miaka hamsini, nasema. Pengine mia.
"Bibi alikitia karafuu tu," ananijibu,
na kuitazama mikono yangu.

Jioni, pembeni mwa kiraka, kwa penseli,
namwandikia fundi ambaye hajazaliwa:
ukiichukia kazi hii
lowesha pamba. Maji tu.
Usivute.
Itaachia yenyewe.