Nondo

Mchana, Fidencio hupinda nondo
kwenye daraja la mto Zamora, lililoanzwa
kitindamimba wao akinyonya,
na sasa mtoto anacheza gololi.
Usiku, mkewe Ermelinda hungoja nondo.

Kwa lugha yao maneno hayo mawili
hayajawahi hata kusalimiana.
Ni mimi ninayeyakutanisha:
kile kinachobeba malori
na kile kinachobebwa na pumzi.

Shuka ni ile ya harusi. Imefungwa
kwenye waya, nyuma ya banda la simbilisi,
na taa ni ya wizi, ya daraja;
mkandarasi hajagundua.
Kwanza hufika wakubwa, wazembe,
wanaojigonga kama walevi mlangoni.
Hao huwafukuza kwa ufagio.
Amtakaye ni mdogo kuliko kapi la mpunga,
rangi ya kutu, hana doa, hana sifa,
hutua kimya kama mdeni.

Daktari wa chuo, kule Quito, alimwandikia:
jenasi yako hiyo imetapakaa
toka misonobari ya Kanada hadi nyasi za Ajentina,
na wote wanafanana. Mbawa hazisemi.
Mpaka tuwapasue tumbo
ndipo tujue nani ni nani.
Ermelinda alicheka mpaka akakohoa.
"Kama jamaa za mume wangu," akasema.

Kisha Machi, mvua, fungu la nondo likateleza.
Vidole viwili.
Mkandarasi alilipa kimoja.

Sasa Fidencio yuko nyumbani, mkono bandeji,
mbele ya shuka, juu ya kiti cha plastiki.
Siku ya kwanza alipumua tu, pale mezani,
kazi ya juma zima ikapeperuka.
"Toa hiyo pua yako hapa! Ni kimbunga!"
Amejifunza. Hubana pumzi,
hushika chupa kwa mkono uliosalia mzima,
huhesabu: mia na nne, mia na tano,
huandika tarehe kwa herufi za fundi, kubwa mno
kwa kibandiko cha upana wa ukucha.

Usiku wa leo mmoja kaiacha shuka,
katua juu ya bandeji,
pale vidole vilipokuwa.
Ermelinda kainua chupa.

Fidencio hakumtazama.
"Ngoja," akasema, midomo haikufunguka.
"Bado sijausikia uzito wake."