Mistari Isimame

Nilitumwa kutengeneza friji katika nchi ya baridi.
Baba alicheka hadi akakohoa:
"Akoth, si uende pia kuwauzia samaki watu wa Dunga?"
Kisha akavaa miwani, akaifungua ile atlasi yake ya kazini,
yeye aliyekuwa karani wa stesheni hapa Kisumu,
miaka thelathini na mmoja akiwakatia wengine tiketi,
akaweka kidole juu ya nchi iliyomo ndani ya nchi nyingine
kama kiini cha yai.
"Sasa hii inapumulia wapi?"
Sikuwa na jibu.

Inapumulia juu, Baba.

Tulipanda na Ntate Motlalepula,
friji tatu zimefungwa kamba nyuma ya pikapu,
kona, na kona, na kona moja iliyosahau kwisha,
hadi masikio yangu, yaliyozoea usawa wa ziwa,
yakaziba, yakazibuka, yakaziba.
Mto huko chini ulikuwa uzi. Ng'ombe walikuwa chawa.
Niliushika mlango kana kwamba mlango ungenisaidia.
Akaniambia jina lake maana yake ajaye na mvua.
Nami Akoth, nikamjibu, nilizaliwa inanyesha.
Akautazama udongo wa barabara, akautazama ukingo wake:
"Basi leo tusiyatumie majina yetu."

Jioni, mahali fulani juu ya Thaba-Tseka,
tukakaribishwa tule papa na moroho.
Papa? Niligeuka pande zote: milima,
na nyuma ya milima, milima.
Bahari iko wapi?
Na huyo mroho ni nani, nami sijagusa hata kijiko?
Sufuria ikafunuliwa. Ugali mweupe. Mboga za majani.
Nilikula kimya.
Kumbe nimesafiri siku tatu kufika jikoni kwa mama.

Usiku maji ya ndoo yaliganda.
Friji niliyoifunga, yenye paneli ya jua mgongoni,
haikuwa na kazi ya kupoza chochote;
ilikuwa inazuia chanjo zisigande.
Niliiwekea mkono, nikaota moto wa friji.
Nesi wa zahanati akaniona, akanitupia blanketi begani,
akalifunga kwa pini, akalivuta huku na huku:
mistari isimame, alisema.
Mistari ikilala, mtu hakui.

Miaka miwili lilikaa juu ya kabati hapa Nyalenda.
Nani ajifunike sufu katika joto hili?
Mama Nereah aliliomba alikate, apate la kupigia pasi.
Nilimwambia nitafikiria.

Halafu Aprili homa ikampanda Baba,
meno yakigongana kama mabehewa yanayounganishwa.
Shuka moja, shuka tatu, koti langu la mvua.
Vidonge vimemezwa, jasho linamtiririka, bado anasema baridi.
Nikapanda stuli.

Lilimfunika kutoka kidevuni hadi kwenye nyayo.
Saa tisa usiku akauliza, "Tumefika wapi?"
"Thaba-Tseka."
"Kona bado?"
"Bado."
Akaushika ukingo wa kitanda
kana kwamba ukingo ungemsaidia.

Asubuhi ya tatu nilimkuta uani, mswaki mdomoni,
jua tayari linayachoma mabati,
amejitanda blanketi hadi masikioni, na watoto wa jirani wanamcheka.
Alikuwa amelivaa kombo, mistari imelala.
Nikaweka kikombe chini.
Nikamzungusha polepole, nikalivuta huku na huku.
"Na reli wanayo?" akauliza.
"Wanayo. Kama maili moja. Inaingia mjini, inakoma."
Akatema povu.
"Basi karani wao anastarehe," akasema, na akasimama wima.